Mtamba wa Mpishi

Marieta, mke wangu, ndiye mtu pekee hapa Gehandu aliyejua kwamba vitani nilikuwa mpishi. Alifariki mwezi wa kumi na mbili mwaka jana. Nimebaki na siri ambayo haina mtu wa kuichekea.

Maana tulikuwa tunaichekea. Akichoka, ananiita taratibu, "Komando, njoo kwenye mwiko." Nafunga mlango, nasonga ugali. Mtu akipiga hodi, mwiko unarudi kwake haraka, mimi nakimbilia kwenye kigoda, nakunja uso kama mtu anayesubiri chakula tangu asubuhi. Tulicheza mchezo huo miaka arobaini na nne. Hakuna aliyetukamata.

"Ugali unaujua," alikuwa akisema. "Maharage unayajua. Chumvi ndiyo huijui. Jeshi lilikula hivi hivi?"

Mimi nacheka, sijibu.

Kwetu mwanamume hashiki jiko. Atalima, atachunga, atajenga nyumba, hata mtoto atambeba akilazimika. Jikoni hapana. Ndiyo maana nilikaa kimya. Lakini uongo sikusema, hilo nataka lieleweke mapema.

Ilikuwa hivi. Nilirudi kutoka Vita vya Kagera mwaka sabini na tisa. Mkono wa kulia ulikuwa umeungua kutoka kiwiko mpaka vidole, ngozi imejikunja kama ya kobe. Watu wakaja kunipokea barabarani. Mzee mmoja akaushika huo mkono, akauliza, "Bomu?"

Nilikuwa na njaa na usingizi. Nikanyamaza.

Akawageukia wenzake. "Bomu," akasema.

Ikawa bomu. Jioni ile likawa bomu na risasi. Kufika Krismasi, nilikuwa nimezima kifaru kwa mkono mtupu. Mimi si mtu wa maneno, na kila nilivyonyamaza wao waliongeza.

Kilichoniunguza ni maharage.

Sasa Marieta alipokufa, majirani walinihurumia. Mwanamume peke yake, tena mzee, atakula nini? Bernadina akasema chakula cha mchana ni juu yake. Bernadina ni dada yake Qamara. Qamara ndiye niliyepanda naye lori moja kwenda vitani. Mimi nilirudi, yeye akabaki kule. Serikali ilileta barua nyumbani kwao kwamba amefia vitani. Barua haikusema alikuwa akifanya nini.

Basi kila siku saa saba Bernadina anavuka korongo na hotipoti yake kichwani. "Karibu chakula, shujaa," ananiambia. Ana moyo mzuri sana. Ugali wake ni mbichi.

Haoni. Anautoa motoni unga bado unalia, tangu akiwa msichana. Nafungua hotipoti, namshukuru, nakula mpaka mwisho, nasindikiza na maji. Ningefanyaje? Nikisema najua kupika, ataniuliza nilijifunzia wapi. Kwa hiyo nilikula unga mbichi miezi saba, kwa heshima ya vita.

Mwezi wa saba mjukuu wangu Doris akaja likizo. Yuko kidato cha pili, anasoma bweni. Baba yake ni mwanangu Yonas, anayeendesha trekta kwenye mashamba ya ngano huko Basotu. Mama yake ni Mbarabaig wa Getanuwas. Mtoto amechukua urefu wa upande ule na ubishi wa upande huu.

Hata begi hakutua.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Vua koti, babu."

"Kuna baridi."

"Dakika moja tu. Nataka kupiga picha kovu."

Nikavua. Akalipiga picha kwa simu ya mama yake, mbele, nyuma na pembeni. Halafu akatoa daftari. Mwalimu wao amewaambia kila mmoja atafute mtu aliyepigana vitani, aandike habari zake, amshukuru. Wakirudi shule watasoma mbele ya wote, kwa ajili ya Siku ya Mashujaa. Doris alikuwa ameshaandika kurasa nne kabla hajaniuliza chochote.

Akasoma. "Babu yangu Baltazar alizima vifaru vitatu vya adui."

"Vitatu?"

"Bibi aliniambia viwili. Nimeongeza kimoja kwa sababu wewe hujisifu."

Marieta! Mtu aliyenipaka dawa mkono huu, aliyejua mpaka aina ya yale maharage, amempa mtoto vifaru viwili. Nilitoka nje nikaenda nyuma ya nyumba, pale tulipomzika. Nikasimama. "Sasa hivyo vifaru," nikamwambia, "nivitoe wapi?"

Niliporudi, Doris alikuwa bado hajamaliza.

"Babu, shukrani ya karatasi haitoshi. Nakupa mtamba wangu."

Mtamba huyo alipewa na babu yake mzaa mama, mzee Gidamuna, alipomaliza darasa la saba. Ni mwekundu, ana doa jeupe kwenye paji. Doris hana kitu kingine duniani isipokuwa huyo mtamba na sare za shule.

"Mtamba wa nini? Mimi nina ng'ombe."

"Si hivyo. Kwa Wabarabaig, upande wa mama, mtu akiua simba au adui wa watu, ndugu zake wanampa ng'ombe. Anapakwa siagi. Anakaa ndani kama mama aliyejifungua, ananyweshwa maziwa, anavishwa shanga na bangili za wanawake. Wewe ulirudi, nani alikupaka siagi?"

"Hakuna."

"Umeona! Watu wamekaa na deni la heshima miaka arobaini na sita. Babu Gidamuna nimeshampigia simu. Anakuja Jumapili na mtamba. Anasema utasema mbele ya watu jinsi ulivyoua, halafu anamtoa. Na Bibi Bernadina nimemwalika, kwa ajili ya Babu Qamara."

Nikakaa chini. Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Gidamuna namfahamu. Aliua simba akiwa kijana. Tangu watoto wetu waoane, nimemsikia huyo simba akifa labda mara mia mbili. Kwao jambo hili si mchezo. Mtu akipokea ng'ombe wa kuua naye hakuua, amejitia aibu yeye na watoto wake. Nikinyamaza safari hii, ukimya wenyewe utakuwa uongo. Nikisema, nitampoteza Doris, maana anayempenda ni yule wa vifaru.

Ijumaa nilimfuata zizini akikamua. Nikajaribu.

"Doris. Vitani kuna kazi nyingi."

"Najua, babu."

"Si wote wanapiga bunduki."

"Ndiyo. Wewe ulitumia mkono."

Nikakuna kichwa. Akaendelea kukamua, huku anaongea na ubavu wa ng'ombe. "Bwenini wenzangu babu zao wana maduka, mmoja babu yake alikuwa mkuu wa wilaya. Wakaniuliza, wewe babu yako nani? Nikawaambia. Wakanyamaza wote."

Nikabeba ndoo ya maziwa nikaondoka.

Jumamosi nilifikiria kuugua. Nikajilaza. Doris akaniletea uji, akaniambia nipumzike, Jumapili nitaongea nikiwa nimelala, hata kwa Wabarabaig shujaa anakaa ndani. Nikaamka.

Jumapili, baada ya ibada, Gidamuna akatokea na shuka lake, fimbo, kibuyu cha siagi kwapani, na mtamba mbele yake. Ametembea na fimbo ile kutoka Getanuwas, mzee wa miaka themanini.

"Mkwe," akaniambia, "umezeeka."

"Wewe je?"

"Mimi nimekomaa. Wazee ni ninyi Wambulu, mnainamia jembe mpaka mgongo unasahau kunyooka." Akanipima kwa macho kutoka juu mpaka chini. "Kumbe una vifaru vitatu, na miaka yote hii unakaa unasikiliza simba wangu mmoja bila kunikatiza?"

"Ulikuwa unasimulia vizuri."

"Hilo kweli," akasema, akakaa.

Tulikuwa wanne tu. Mimi, Gidamuna, Doris, na Bernadina aliyekuja na hotipoti yake kwa sababu saa saba ilikuwa karibu. Mtamba tulimfunga kwenye mti wa ua. Doris akasimama, akasoma kurasa zake nne. Alisoma vizuri. Mahali alipoandika, "Nawashukuru waliorudi na wasiorudi, kwa sababu mimi nalala usingizi," Bernadina alijifuta uso kwa khanga. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Gidamuna akagonga fimbo chini.

"Mtoto amesema vizuri. Lakini ng'ombe hatolewi kwa daftari. Mimi simba wangu nilionyesha alipolala, alivyoruka, mkuki ulivyoingia, na wenzangu wawili waliona. Sasa wewe mkwe, sema. Na shahidi wako nani?"

"Qamara," nikasema.

"Qamara ni marehemu."

"Ndiyo."

Kuku akapita katikati yetu, hakuna aliyemfukuza. Nikamwangalia Doris. Alikuwa ameshika siagi tayari, vidole vimeshang'aa. Nikaangalia upande wa nyuma ya nyumba, nikijua hakuna wa kunisaidia.

"Nilikuwa mpishi," nikasema.

Gidamuna akatega sikio. "Mpishi wa nini?"

"Maharage."

"Na vifaru?"

"Niliviona vikipita. Vilikuwa vyetu."

"Na mkono?"

"Maharage."

Yule mzee akaniangalia. Akaangalia mtamba, akaangalia kibuyu, akaniangalia tena. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka fimbo ikaanguka, akashika mbavu, machozi yakamtoka. "Mkwe! Nimetembea na siagi kutoka Getanuwas, jua hili, kwa ajili ya maharage!"

Doris hakucheka. Alifunga daftari. Alifuta vidole kwenye sketi, kimoja kimoja. Hilo liliniuma kuliko yale maharage ya moto.

Ningeishia hapo. Lakini Bernadina alikuwa amekaa pale na hotipoti mapajani, na nilikuwa nimemficha yeye kuliko wote.

"Bado sijamaliza," nikasema. "Mkwe, nyamaza kidogo."

Akajifuta machozi.

"Kwenye mapipa ya kupikia tulikuwa wawili, mimi na Qamara. Tulilisha watu mia moja na kitu. Maji yalikuwa mtoni, na tulikwenda kwa zamu. Asubuhi mmoja, jioni mwingine. Siku ile jioni ilikuwa zamu yangu. Mchana pipa likapinduka, likanimwagikia mkono. Qamara akanifunga kitambaa. Jioni ikafika, nikashika ndoo zangu. Akaninyang'anya. Akasema, 'Kaa wewe, kwa mkono huo maji yote utayamwaga njiani.' Akaenda yeye. Adui walikuwa wametega bomu kwenye njia ya mtoni. Nilisikia mlio."

Nikamgeukia dada yake.

"Bernadina, ile zamu ilikuwa yangu. Unaniita shujaa kila siku. Zamu ilikuwa yangu."

Bernadina alikuwa anazungusha kifuniko cha hotipoti, hivi na hivi, kama mtu anayetafuta mahali kinapokaa. Gidamuna aliinama akaokota fimbo yake, akaiweka magotini bila kuigonga.

"Alikuwa amekula?" Bernadina akauliza.

"Nani?"

"Kaka yangu. Alikwenda mtoni na njaa?"

"Alikula. Alianza yeye kabla ya kombania nzima. Alikwangua ukoko wa ugali kwenye pipa, akala amesimama."

"Ukoko alipenda."

"Sana."

"Akasema nini? Wakati anakula. Lazima alisema kitu, alikuwa hawezi kula bila kusema."

Nikatazama juu.

"Kaka, sema. Umeanza, maliza."

"Alisema afadhali huku vitani unga unaiva."

Bernadina akakaa wima. "Unga unaiva? Alikuwa anamsema nani?"

Sikujibu. Kwa mara ya kwanza maishani ukimya wangu haukunipa sifa yoyote.

"Alikuwa ananisema mimi! Yuko vitani, anakaribia kufa, bado anasema ugali wangu!" Akanigeukia. "Na wewe! Wewe ni mpishi. Miezi saba unakula ugali wangu. Ulikuwa unauonaje?"

"Ulikuwa chakula kizuri."

"Baltazar!"

"Mbichi," nikasema.

Wa kwanza kucheka alikuwa Doris. Ilimtoka puani, akajizuia, ikamshinda. Halafu Gidamuna, halafu Bernadina mwenyewe, anacheka na analia, anajifuta kwa khanga ile ile, anasema, "Qamara, mjinga wewe, Qamara." Mimi nilikaa tu.

Walipotulia, Gidamuna akasafisha koo.

"Mila ni mila," akasema. "Kwa maharage ng'ombe hatoki. Ningekuwa peke yangu ningekucheka mwaka mzima, na nitakucheka. Lakini kusema 'zamu ilikuwa yangu' mbele ya dada wa marehemu, mimi hilo sijawahi kulisema. Na yule simba," akashusha sauti, "alikuwa mzee. Alikuwa anachechemea."

"Babu!" Doris akasema.

"Kidogo tu. Mguu mmoja." Akamnyooshea fimbo. "Mtamba ni wako. Amua wewe. Mimi sirudi naye, miguu imechoka."

Doris akafungua daftari. Akachukua kalamu, akapiga mstari kwenye vifaru, kimoja, cha pili, cha tatu. Akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Babu, hao watu mia moja na kitu walikula kila siku?"

"Kila siku. Siku mbili tu walikosa, baada ya siku ile."

"Kwa nini?"

"Mpishi mmoja alikuwa na mkono mmoja. Mwingine hakuwepo."

"Siku ya tatu?"

"Nilikoroga kwa mkono wa kushoto."

Akaandika. Aliandika polepole, ametoa ncha ya ulimi nje kama alivyofanya akiwa darasa la kwanza. Kisha akainuka, akafungua kamba ya mtamba, akaiweka mkononi kwa Bernadina, kwa mikono miwili.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Huyu ni wa Babu Qamara. Yeye hayupo wa kumpokea. Pokea wewe."

Bernadina aliishika kamba lakini hakusimama. "Mtoto, huyu ndiye ng'ombe wako wa pekee."

"Ndiyo. Ningekuwa na wawili ningetoa wawili."

"Nitampokea," Bernadina akasema, "nina sharti moja, na si kwako." Akanisukumia hotipoti kwa mguu. "Kuanzia kesho hii hotipoti itembee upande ule mwingine. Mpishi wa jeshi ni nani hapa? Upike wewe, uvuke korongo wewe, saa saba, mchana, watu wakikuona."

"Bernadina, watu watasema."

"Wamesema vifaru miaka arobaini na sita. Waseme maharage kidogo."

Nikamtazama Doris aone ninavyoonewa. Alikuwa anatikisa kichwa kukubali, si kunihurumia. Nikajua sijampoteza.

Gidamuna alikuwa anahangaika na kibuyu. "Siagi imeshafika hapa, na haiwezi kurudi," akasema. "Lete huo mkono." Akanipaka kovu lote, kutoka kiwiko mpaka vidole, taratibu kuliko nilivyomdhania. Shanga na bangili alisema hatatoa, maharage hayajafikia hapo.

Mchana ule tulikula ugali wa Bernadina. Tulimaliza wote.

Jumatatu nilipika mlango ukiwa wazi. Maharage, ugali. Nilipovuka korongo na hotipoti nikakutana na vijana watatu wakipeleka ng'ombe majini. Wakaniamkia kwa heshima yote, halafu mmoja akashindwa kujizuia.

"Babu, umebeba nini?"

"Chakula."

"Nani amepika?"

"Mimi."

Wakatazamana. Nikapita. Mtamba mwekundu alikuwa amefungwa mbele ya nyumba ya Bernadina, anatafuna, ananiangalia kama mtu aliyenijua zamani. Bernadina akatoka, akafungua kifuniko, akamega, akachovya, akafumba macho.

"Ugali umeiva," akasema.

"Ndiyo."

"Maharage yameiva." Akameza. "Chumvi, kaka, ni nyingi mno."

"Hata Marieta alikuwa akisema."

"Sasa jeshini mlikuwa mnafanyaje?"

"Chumvi ilikuwa kazi ya Qamara," nikasema. "Mimi sikujifunza."

Akaenda ndani kuleta maji. Alileta vikombe viwili, tukakaa tukala.